Kitanzi cha Serikali na Haki ya Damu



Kwa miaka mingi pana mjadala hapa Tanzania usiokwisha: je, adhabu ya kifo ifutwe, au ibaki? Wanasheria wanalo neno lao na wanasiasa wanalo lao. Ama sisi Waislamu, tukiulizwa twajibu upesi, tena kwa sauti kubwa, ya kuwa ibaki kwa sababu Qur'ani imeweka qisasi. Halafu twanyamaza, tukidhani maneno yamekwisha.

Nia yangu katika kurasa hizi ni kukuonyesha ya kuwa jibu hilo halijatimia. Qur'ani imeweka qisasi, wala hapana Muislamu awezaye kulikana hilo. Lakini kitanzi kilichomo katika sheria ya nchi yetu hakikutoka katika Qur'ani, wala hakifuati masharti yake, na kimefunga milango ambayo Qur'ani imeifungua. Mwenye kukitetea kwa jina la dini yampasa kwanza akijue kitu anachokitetea.

Nakuandikia kutoka Igamba, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, nchi ya kahawa na mahindi iliyo mbali na bahari. Huenda wewe uliye Tanga, Kilwa au Lamu ukajiuliza, huko bara kuna nini cha kuhusu jambo hili? Kuna mengi. Ukishika barabara kuu iendayo Zambia, ukapita Vwawa, utafika Tunduma. Na Tunduma yetu na Nakonde ya Zambia ni kama mji mmoja uliopasuliwa na mpaka. Mtu akiua upande wa Tunduma, na ikathibitika mahakamani kwamba aliua kwa kukusudia, jaji hana hiari. Maadamu mshitakiwa si mtoto wa chini ya miaka 18 wala si mwanamke mjamzito, sheria yamlazimisha jaji atamke kifo kwa kunyongwa. Lakini mtu huyo huyo akifanya kosa hilo hilo hatua chache mbele, upande wa Nakonde, hapana hukumu ya kifo, kwa kuwa Zambia iliiondoa katika sheria yake ya adhabu mwezi wa Desemba 2022, Rais Hakainde Hichilema alipotia saini.

Na upande mwingine wa mkoa wetu ni mto Songwe, na ng'ambo ya mto huo ni Malawi. Huko, tangu Aprili 2007, mahakama ilikwisha amua ya kuwa jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Asikilize kwanza hali ya kila mtu, ndipo aamue. Basi sisi watu wa Songwe tumekaa katikati ya sheria tatu juu ya roho moja ya mwanadamu. Ndiyo maana swali hili kwetu si la vitabuni tu.

Wala usidhani huku hatuujui uchungu wa damu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mbozi na sehemu nyingine za mkoa wa Mbeya, ambao Songwe ilikuwa ndani yake hadi mwaka 2016, zilipatwa na balaa la watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Ilisemwa kwamba ngozi hizo zilivushwa mpaka na kuuzwa kwa mambo ya uchawi. Kisha ikaja huko Kanda ya Ziwa balaa la kuuawa ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, albino, na viungo vyao kuuzwa. Watu walighadhibika, na walikuwa na haki ya kughadhibika. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alisema wauaji hao nao wauawe, na lilipozuka zogo Bungeni juu ya kauli yake akabubujikwa na machozi mbele ya wabunge. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Mahakama Kuu iliyokaa Kahama ikawahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto albino.

Kwa hiyo anayesema tuutazame upya mjadala huu asidhaniwe anawahurumia wauaji akawasahau waliouawa. Maneno yangu yote yaanzia kwa aliyeuawa na watu wake.

KITANZI KILIINGIAJE NCHINI?

Yafaa tufahamu historia, maana asiyejua kitu kilikotoka hukiita chake.

Katika miji ya pwani, kabla ya kuja Wazungu, palikuwa na makadhi, na katika dola ya Zanzibar kesi za damu zilipimwa kwa sharia ya Kiislamu. Sisemi ya kuwa kila hukumu ilikuwa ya haki. Watawala madhalimu hawakukosekana, na wanyonge wengi, watumwa hasa, hawakuiona haki hiyo. Lakini kitabu alichokifungua kadhi kilimtaja ndugu wa marehemu na kumpa nafasi yake.

Kisha wakaja Wajerumani na kamba. Tarehe 15 Desemba 1889 walimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani, kwa kuwa aliongoza watu wa pwani kuwapinga. Mwaka 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari, aitwaye Makunganya, huko Kilwa, na wazee wa Kilwa Kivinje hata leo wanayo habari ya mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Mwaka 1906, katika vita vya Maji Maji, wakawanyonga mashujaa wa Wangoni huko Songea. Katika nchi hii, basi, kitanzi kilianza kazi yake kama silaha ya mgeni juu ya wenyeji, na walionyongwa mwanzo hawakuwa wezi wala wachawi. Walikuwa watu ambao leo twawaita mashujaa.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walitumia kwanza, kuanzia 1920, sheria ya adhabu waliyoitunga India. Katika sheria ile jaji alikuwa na hiari: aliyeua aweza kuhukumiwa kifo, au aweza kuhukumiwa kifungo cha uhamishoni maisha. Mwaka 1930 wakatunga Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika kwa namna ya sheria ya kwao, na hiari ile ikaondoka: kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia hana budi ahukumiwe kifo. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tuliirithi sheria hiyo, nayo ndiyo tuliyo nayo hata leo.

La ajabu ni kuwa hao waliotuletea wao wenyewe waliiacha. Mara ya mwisho Uingereza kumnyonga mtu ilikuwa Agosti 1964, na mwaka 1965 Bunge lao likasimamisha kunyonga kwa kosa la kuua. Sisi tumebaki nacho, tena wengine wetu twakitetea kana kwamba kilishuka Makka.

Katika miaka ya karibuni kitanzi hicho kimetikiswa mara kadhaa. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyosikilizwa Dodoma, aliamua ya kuwa adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye nusu ya njia: ikasema kweli adhabu hii ni ya kikatili na yamdhalilisha binadamu, lakini ikasema pia kwamba Katiba, katika ibara ya 30, yairuhusu sheria ya namna hiyo kwa maslahi ya umma. Fikiri, ndugu msomaji. Mahakama ya juu kabisa ya nchi imekiri ukatili, kisha ikauacha, ikisema ni juu ya jamii kuamua kama bado yauhitaji. Jamii hiyo ni mimi na wewe.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 hapana aliyenyongwa Tanzania. Mwezi wa Septemba 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, Rais John Magufuli alisema wazi ya kuwa hapendi kuletewa orodha ya watu wa kunyongwa atie saini. Mwezi wa Desemba mwaka huo akawasamehe wafungwa wengi, na ndani yao walikuwamo 61 waliokuwa wakingoja kitanzi. Mwezi wa Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua katika kesi ya wafungwa wa Tanzania ya kuwa kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kuvunja haki ya uhai, na kwamba kunyonga kwavunja heshima ya mwanadamu. Sheria yetu ikabaki ilivyo: majaji wanahukumu, marais hawatii saini, na watu wanangoja.

QISASI NI NINI?

Sasa natuitazame sharia yenyewe, ambayo kwayo twadai kukitetea kitanzi.

Kwanza, neno. Katika Kiswahili cha kila siku "kisasi" ni kulipiza, na mwenye kisasi ni mtu mwenye kinyongo moyoni. Qisasi ya Qur'ani ni kitu kingine: ni usawa wenye kipimo. Iliteremshwa kwa watu ambao, akiuawa mtu wao mmoja, waliweza kuua kumi, na akiuawa na mtumwa walimtaka muungwana. Qisasi iliwafungia hesabu: mmoja kwa mmoja, na aliyeua mwenyewe, si ndugu yake wala jirani yake. Ndiyo maana Suratul Baqara, aya ya 179, yataja uhai ulio ndani ya qisasi. Mipaka ile iliziokoa roho nyingi.

Pili, haki hiyo ni ya nani? Suratul Israa, aya ya 33, yasema ya kuwa aliyeuawa kwa dhuluma, mrithi wake amepewa madaraka, kisha ikamkataza mrithi huyo asipindukie mpaka katika kuua. Huyu ndiye mwenye damu, walii wa marehemu. Haki ni yake. Kazi ya mtawala ni kusimamia.

Tatu, mwenye damu amefunguliwa milango mitatu. Wa kwanza ni qisasi. Wa pili ni kuacha qisasi na kupokea diya, ambayo asili yake ni ngamia 100. Wa tatu ni kusamehe kabisa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Suratul Baqara, aya ya 178, baada ya kutaja qisasi, haikutulia hapo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye msamaha, ikamwita mwenye damu ndugu wa yule aliyeua, ikamwagiza msamehevu adai kwa wema na mlipaji alipe kwa ihsani, ikaliita jambo hilo tahafifu na rehema kutoka kwa Mola. Na Suratul Maida, aya ya 45, yasema ya kuwa mwenye kuisamehe haki yake, huko kusamehe ni kafara kwake. Mtume (S.A.W.), siku za kufunguliwa Makka, alitangaza ya kuwa mwenye kuuliwa mtu wake ana hiari. Na Anas bin Malik (R.A.) amesimulia ya kuwa hakumwona Mtume akiletewa shauri la qisasi ila huamrisha msamaha.

Tazama jinsi maimamu walivyoilinda haki hii. Warithi wakiwa wengi na mmoja wao akasamehe, qisasi imeanguka, kwa kuwa roho haikatwi mafungu. Na katika madhehebu yetu ya Shafii, mrithi akiwa ni mtoto mdogo, muuaji huwekwa kifungoni hadi mtoto abaleghe ndipo aseme mwenyewe alitakalo. Yatima wa miaka miwili angojewa miaka zaidi ya kumi, asidhulumiwe neno lake!

Sasa pima na mahakama yetu. Kesi ya mauaji huandikwa "Jamhuri dhidi ya fulani". Mjane wa aliyeuawa huitwa kama shahidi, akijibu maswali hurudi nyumbani. Hakuna amwulizaye, "Wewe wataka nini?" Akisema amesamehe, jaji hana pa kuliweka neno lake katika hukumu. Akisema watoto wake hawana ada ya shule wala chakula, hakuna diya. Mlango wa pili umefungwa, na wa tatu umefungwa. Uliobaki ni wa kwanza, nao umepewa Serikali, naye mwenye damu amewekwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Huko Zanzibar na pwani ya Kenya, shamba la marehemu likigombaniwa, kadhi huitwa aseme nani arithi. Ama damu ya mwenye shamba, hakuna amwulizaye kadhi wala mrithi.

Kwa hivyo, ndugu yangu, anayesema kitanzi cha Kanuni ya Adhabu ndiyo qisasi, ametoa ushahidi juu ya jambo asilolitazama. Vinafanana mwisho wake tu, ya kuwa mtu hufa.

DAMU NA USHAHIDI

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Sharia imeifanya roho kuwa ghali hata katika kuithibitisha hatia. Yatakiwa mashahidi wawili waadilifu walioona, au mtu akiri mwenyewe kwa hiari yake pasipo kulazimishwa, na kukusudia kudhihirike. Ikiingia shubha, qisasi huondoka. Na yamepokewa mafundisho ya kuwa ni bora mtawala akosee katika kusamehe kuliko kukosea katika kuadhibu.

Nitakupa kisa cha kweli kimoja. Mahmood Mattan alikuwa baharia Msomali, Muislamu, mzaliwa wa Somalia iliyokuwa chini ya Waingereza. Alikaa Cardiff, Uingereza, akaoa huko na kuzaa watoto watatu wa kiume. Mwaka 1952 mwanamke mwenye duka aliuawa, na Mattan akashitakiwa. Hakuwa na Kiingereza cha kujitetea vizuri, na wakili wake mwenyewe alimzungumza mbele ya baraza kwa maneno ya dharau juu ya asili yake. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa mtu mmoja ambaye baadaye, mwaka 1969, alipatikana mwenyewe na hatia ya kujaribu kumwua binti yake kwa wembe. Mattan alinyongwa tarehe 3 Septemba 1952, akisema hadi mwisho ya kuwa hakuua. Mkewe hakuacha kudai haki yake. Tarehe 24 Februari 1998, baada ya miaka 45 na zaidi, Mahakama ya Rufani ya huko ikaifuta hatia yake, na baadaye Serikali ikalipa fidia kwa mjane na watoto. Walilipa, ndiyo. Lakini aliyenyongwa hakufufuka kuja kusikia.

Usiseme hayo ni ya Ulaya. Huko Zanzibar, baada ya kuuawa Rais Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972, watu wengi walishitakiwa, na mwaka 1974 wengi wakahukumiwa kifo. Miongoni mwao alikuwa Abdulrahman Babu, ambaye wakati huo alikuwa kizuizini bara, wala hakufikishwa mbele ya mahakama iliyomhukumu. Hakunyongwa. Aliachiwa mwaka 1978, akaishi, akasomesha na kuandika, na mauti yakamkuta London mwaka 1996 kwa ajali yake iliyoandikwa. Mpende Babu au umchukie, lakini jiulize: ni kadhi gani ahukumuye roho ya mtu asiyekuwapo kujitetea?

Na huko Malawi, ng'ambo ya mto wetu, baada ya uamuzi wa 2007 wafungwa zaidi ya 100 waliokwisha hukumiwa kifo walirudishwa mahakamani ili hali zao zisikilizwe upya. Yakatokea mambo ambayo hayakupata kusikilizwa: huyu alikuwa na maradhi ya akili, yule alikuwa mtoto alipotenda kosa, yule alivamiwa akajihami. Wengi wao wakaachiwa huru, wakarudi vijijini kwao. Lau kamba ingetangulia, leo ni makaburi.

Maskini ndiye anayeogopewa hapa. Mtu wa kijijini akishitakiwa kwa kuua, hana fedha za wakili, wala hajui lugha ya sheria. Atetewaye ni kwa wakili wa kupewa na Serikali, ambaye huenda akamwona mara moja au mbili tu. Ni mtu huyu ndiye ambaye jaji, akiisha kumtia hatiani, hana ruhusa ya kusema neno ila kifo.

MASWALI YA WATU

Najua utaniuliza maswali, nayo ni ya haki.

Utasema: kitanzi kikiondoka, watu watajichukulia sheria mkononi. Nami nasema, watu wamekwisha jichukulia, na kitanzi kingali kwenye kitabu. Huku kwetu nyanda za juu za kusini, kama kwingineko nchini, watu wamepigwa na kuchomwa moto kwa kushukiwa wizi au uchawi, pasipo kadhi wala jaji. Kitanzi hakikuwazuia. Kinachowazuia watu ni kuona mhalifu anakamatwa, anahukumiwa kwa haki na upesi, wala hatoki gerezani kwa hongo. Nchi yenye upelelezi dhaifu haipati nguvu kwa kuwa na kamba ndefu.

Utasema: diya itawaponya matajiri, na maskini ndiye atakayekufa. Hili ni kweli laweza kutokea. Pakistan iliingiza sheria ya qisasi na diya mwaka 1990, na mwaka 2011 Mmarekani mmoja aliyewaua watu wawili Lahore aliachiliwa baada ya warithi kulipwa diya. Wengi wakalalamika ya kuwa warithi walishinikizwa. Lakini fiqhi imelitazama hilo. Msamaha wa mrithi waondoa qisasi. Hauondoi mamlaka ya mtawala kumtia adabu aliyeua. Imamu Malik aliona aliyesamehewa achapwe 100 na afungwe mwaka mzima, na wengine wakaiacha taaziri kwa rai ya mtawala. Basi kifungo kirefu, hata cha maisha, si kigeni katika sharia. Kusamehewa roho si kufunguliwa mlango wa gereza.

Utasema mwisho: na hawa wachuna ngozi, na wauza viungo vya albino, je, nao? Hapa sitakuficha. Wako wanachuoni waliosema ya kuwa muuaji wa namna hii, anayeua kwa hila na kutia hofu nchi nzima, ameingia katika ufisadi wa ardhi uliotajwa katika Suratul Maida, aya ya 33, na mrithi hana mamlaka ya kumsamehe. Kwa rai yao huyo anastahili kifo. Mimi sikatai rai yao. Nasema tu ya kuwa adhabu kubwa zaidi yataka ushahidi mkubwa zaidi, na katika kesi hizi, ambazo aliyetuma na mwenye fedha hukaa mbali na kijana masikini ndiye anayekamatwa na panga, shubha haikosekani. Ukimnyonga aliyetumwa, umemnyamazisha shahidi wa pekee juu ya aliyetuma.

TUFANYE NINI?

Sikuandika haya ili nikuambie ya kuwa dini yakuamrisha kudai adhabu ya kifo ifutwe. Hilo lina mizani yake, na wenye elimu wanahitilafiana. Ninalolisema ni jambo lililo chini ya hapo, ambalo sidhani Muislamu aweza kulikataa: sheria inayomlazimisha hakimu kuua, isiyomwuliza mrithi, isiyojua diya, isiyoitambua shubha baada ya hatia, haistahili kutetewa kwa aya ya qisasi.

Nchi jirani zimekwisha tembea. Uganda, mwezi wa Januari 2009, Mahakama yao ya juu kabisa iliondoa ulazima huo, ikasema pia ya kuwa asiyenyongwa katika miaka mitatu baada ya rufani yake kwisha, hukumu yake iwe kifungo cha maisha, kwa sababu kumngojesha mtu kifo miaka na miaka ni adhabu juu ya adhabu. Kenya nayo iliondoa ulazima huo kwa kosa la kuua mwezi wa Desemba 2017. Hapa kwetu tume ya haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilitoa ripoti yake mwaka 2023, na adhabu hii ilikuwa moja ya mambo iliyoyagusa. Mlango wa kusema uko wazi.

Basi ukiulizwa, usijibu kwa neno moja. Sema: jaji apewe hiari. Sema: mjane na mayatima wa aliyeuawa wasikilizwe kabla ya hukumu, na neno lao la msamaha liwe na uzito. Sema: wapatiwe fidia, kwa kuwa mwenye kuua ameua pia riziki yao, na kamba haiwalishi. Sema: asihukumiwe mtu katika roho yake kwa ushahidi ambao usingetosha kumnyang'anya mbuzi. Hayo yote yamo katika sharia yetu, na yote yaweza kuombwa katika nchi ya watu wa dini mbalimbali pasipo kumlazimisha mtu dini.

Na sisi wenyewe nyumbani tuanze. Tuwafundishe watoto wetu ya kuwa kusamehe si unyonge, na kwamba mwenye kudai haki yake kwa sheria hajakosa. Akiuawa mtu katika mtaa wetu, tusikimbilie kupiga kelele za kitanzi tukawasahau waliobaki na msiba. Twende tukawatazame, tuwape chakula, tuwalipie watoto ada. Wengi wanaolilia kamba hawajafika hata siku moja katika nyumba ya mjane.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilinde roho za waja wake katika kila pembe ya nchi hii, awarehemu waliouawa kwa dhuluma na waliohukumiwa kwa dhuluma, awape subira wenye msiba na uadilifu wenye kuhukumu. Amin.